Chuma Kilekile, Tabia Nyingine

Chuma na kromi si metali ngeni. Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa wakiyeyusha chuma takriban miaka elfu mbili iliyopita, na kromi ndiyo inayokinga vijiko na sufuria za stenlesi visishike kutu. Hata hivyo, mwaka 1988 makundi mawili ya wanafizikia, moja likiongozwa na Albert Fert huko Orsay, Ufaransa, na jingine likiongozwa na Peter Grünberg huko Jülich, Ujerumani, yalizipanga metali hizo mbili kwa matabaka membamba mno, moja juu ya jingine, yakapata tabia isiyokuwamo ndani ya chuma peke yake wala ndani ya kromi peke yake. Ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo wa umeme usipite, ulibadilika kwa kiasi ambacho hakikuwa kimezoeleka pale matabaka hayo yalipowekwa ndani ya uga wa sumaku. Nashikilia kwamba tukio hilo lilionyesha njia ambayo sayansi ya mango imeifuata tangu hapo: tabia mpya nyingi za umeme na usumaku zimetokana na mpangilio, huku dutu zenyewe zikiwa za kale.

Kwamba sumaku hugusa ukinzani lilijulikana zamani. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilipima jambo hilo mwaka 1857, na kwa zaidi ya karne moja baadaye athari aliyoiona kwenye metali kama chuma ilibaki ya asilimia chache tu. Sampuli iliyokuwa na athari kubwa kuliko zote kwa Fert ilikuwa na makumi ya matabaka ya chuma yenye unene wa nanomita 3, yakitenganishwa na kromi ya nanomita 0.9; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ilipopozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri na kuwekwa kwenye uga wenye nguvu, ukinzani wake ulishuka hadi karibu nusu. Grünberg, aliyetumia matabaka matatu tu katika joto la kawaida, alipata badiliko la asilimia 1.5, dogo kwa kulitazama, lakini lenye chanzo kilekile.

Chanzo hicho ni spini. Kila elektroni, mbali na chaji yake, ina usumaku wake mdogo unaoweza kuelekea upande mmoja au upande ulio kinyume. Mwingereza Nevill Mott alieleza mwaka 1936 kwamba ndani ya metali yenye usumaku mkondo wa umeme hugawanyika mara mbili kufuata spini, na elektroni za upande mmoja hupita kwa urahisi kuliko za upande wa pili, ambazo hugongana kila mara. Ichukulie kama barabara yenye njia mbili. Matabaka yote ya chuma yakielekeza usumaku wao upande mmoja, njia moja huwa wazi mwanzo hadi mwisho, na magari yanasonga hata kama ya pili imejaa. Matabaka yakipingana, kila njia inaziba mahali fulani, na foleni inakuwa kote. Sumaku ya nje huyalazimisha matabaka yakubaliane, ukinzani ukashuka. Ila sharti lipo: elektroni lazima ivuke zaidi ya tabaka moja kabla haijagongwa na kupoteza mwelekeo wake. Ndiyo maana unene wa atomi chache ni wa lazima.

Unene huo una mambo zaidi, na hapa ndipo ninapouona ushahidi wenye nguvu kuliko wote. Mwaka 1986 Grünberg na wenzake walikuwa wamekwisha kugundua kwamba kromi nyembamba ikikaa kati ya matabaka mawili ya chuma huyafanya yaelekeze usumaku wao pande zinazopingana, bila kulazimishwa na chochote kutoka nje. Kisha mwaka 1990 Stuart Parkin na wenzake, katika maabara ya IBM huko California, walitengeneza sampuli nyingi wakibadilisha unene wa tabaka la kati hatua kwa hatua. Walikuta kwamba unene ukiongezwa kidogo, matabaka yaliyokuwa yakipingana huanza kukubaliana. Ukiongezwa tena, hurudi kupingana, kisha kukubaliana, huku nguvu ya mafungamano yao ikififia. Sababu ni kwamba elektroni huenda kwa tabia ya mawimbi, na mawimbi hayo hurudishwa na kingo za tabaka yakakutana yenyewe kwa yenyewe. Unene ndio unaoamua kama yataongezeana nguvu au yatafutana. Kipande kikubwa cha kromi hakiwezi kulionyesha hilo hata kikipimwa kwa miaka mia. Kwa hiyo mtu akisema kromi ina tabia fulani, bado hajasema jambo kamili mpaka ataje kromi ya unene gani, na imekaa kati ya nini na nini.

Wapo watakaosema kwamba matunda yaliletwa na wahandisi, na wanafizikia walipata bahati tu. Ni kweli wahandisi walifanya kazi kubwa: mwaka 1997 IBM iliuza diski ya kompyuta ambayo kichwa chake cha kusomea kilitumia athari hii, na biti, yaani alama ndogo za sumaku zinazobeba data, zikaweza kufanywa ndogo zaidi kwa sababu kichwa hicho kilihisi uga dhaifu wa kila biti. Lakini kichwa hicho chenyewe ni matabaka yaliyopangwa kwa unene uliochaguliwa. Uhandisi na fizikia vilikutana hapo hapo, na Fert na Grünberg walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007 uvumbuzi wao ulikuwa umeshaenea kwenye kompyuta duniani kote. Simu zetu leo hazina diski za sumaku, lakini vituo vikubwa vya data, ambamo picha na barua tunazozituma hulazwa, bado vinazitegemea.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, huko Zürich, walipata kipitishi kisicho na ukinzani katika joto la juu kuliko ilivyodhaniwa kuwezekana, na walikipata kwa kuunda mchanganyiko wa lanthanamu, bariamu, shaba na oksijeni. Hiyo si dutu ya kale, na sehemu hiyo naikubali. Lakini ukiichungua unakuta umeme wake unapita kwenye matabaka ya shaba na oksijeni yaliyopangwa moja juu ya jingine, na bila matabaka hayo hakuna la kuzungumza. Mwaka 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero wa MIT, Marekani, lilikwenda mbali zaidi. Lilichukua karatasi mbili za kaboni, ileile ya kalamu ya risasi, kila moja ikiwa na unene wa atomi moja, likazilaza moja juu ya nyingine na kuizungusha ya juu kwa pembe ya takriban nyuzi 1.1. Zilipopozwa hadi karibu nyuzi 271 chini ya sifuri, zikapitisha umeme bila ukinzani wowote. Haikuongezwa dutu nyingine yoyote; pembe ndiyo iliyofungua njia.

Jambo hili la mpangilio linatugusa. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mgodini. Nyingi huishia kwenye betri, lakini kobalti pia ni metali ya kawaida katika matabaka ya sumaku niliyoyaeleza. Kama thamani iko kwenye mpangilio, basi anayeuza madini bila kujua kuyapanga anauza sehemu iliyo rahisi. Nitajibiwa kwamba mashine za kulaza atomi ndani ya ombwe ni ghali kwa vyuo vyetu. Ni ghali kweli, lakini kupanga hakuanzii kwenye mashine. Mwaka 2001 wananadharia walikokotoa kwamba oksidi ya magnesi, kitu kisichopitisha umeme, ikiwekwa kama fuwele nyembamba kati ya matabaka mawili ya chuma, ingezichuja elektroni kwa spini zao kupita chochote kilichojulikana. Mwaka 2004 Parkin huko California na Shinji Yuasa huko Tsukuba, Japani, walipima na kukuta badiliko kubwa mno katika joto la kawaida. Vichwa vya diski vya leo hufuata njia hiyo. Hesabu ilitangulia. Na hesabu za aina hiyo hufanywa kwa programu zinazopatikana bure: shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa muundo wa elektroni, ASESMA, iliyoanza mwaka 2010, ilifanyika Eldoret mwaka 2012 na Kigali mwaka 2023, ikiwafundisha vijana kukokotoa jinsi elektroni zinavyokaa ndani ya fuwele kabla ya yeyote kugharamia kuitengeneza.