Utangulizi: Kidonda cha Konea Baada ya Upasuaji

Sura zinazofuata zinahusu konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni ya jicho, na vidonda vinavyokipata baada ya upasuaji. Nimewalenga hasa matabibu na wauguzi wa zahanati, kwa kuwa mgonjwa hurudi kwao kabla ya kumwona tena daktari aliyempasua.

Tuseme ni mkazi wa Old Korogwe, mkoani Tanga, aliyetolewa mtoto wa jicho. Amepewa matone yenye antibiotiki na steroidi, na kabla hayajaisha yuko shambani. Huku ni nchi ya mkonge na mahindi. Ncha ya jani, bua au vumbi vyaweza kuingiza jichoni fangasi kama Fusarium na Aspergillus. Wakishapenya, antibiotiki haiwawezi, na steroidi inawasaidia: inalegeza kinga, wekundu unapungua, mgonjwa anashukuru kuwa anapona. Kidonda nacho kinazidi kuzama.

Wala si fangasi peke yao. Wapo streptokoki wanaochora matawi meupe ndani ya konea, hasa iliyopandikizwa, huku jicho likiwa limetulia kabisa. Ipo akantamiba, inayokaa majini na udongoni, ambayo mara nyingi maumivu yake huzidi dalili zinazoonekana. Kwa macho matupu huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Mtaalamu wa macho hutia ganzi, akakwangua kidonda, akaweka ukwanguo kwenye kigae cha hadubini pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi. Seli za konea huyeyuka, nyuzi za fangasi zikabaki wazi. Ni kipimo cha bei ndogo, na kukiruka ni uzembe.

Kuhusu dawa za fangasi, utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa natamisini inaishinda vorikonazoli, hasa kwa Fusarium. Shirika la Afya Duniani liliiingiza natamisini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Kuikuta dukani ni habari nyingine. Mwanzoni hudondoshwa kila saa, na matibabu huchukua wiki kadhaa.

Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi hospitali ya KCMC, Moshi, waliuliza kwa nini matokeo ya vidonda vya konea Afrika Mashariki ni mabaya kiasi kile. Kuchelewa kufika hospitali kulikuwa sehemu ya jibu. Basi akikujia mtu aliyepasuliwa jicho, likamuuma upya au likaingia ukungu, usimwongezee matone. Mpe rufaa siku hiyohiyo, na chupa ya dawa anayotumia aende nayo.