Majina, Lakabu na Mizani ya Jinsia

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, jina la mtoto hutaja jinsia yake. Kwa Waluo, mvulana aliyezaliwa usiku ni Otieno, msichana ni Atieno. Kwa Wakalenjin, watoto wa alfajiri ni Kipkoech na Chepkoech. Shina ni moja, na kila upande una kiambishi chake.

Kwa Waswahili mpango ni mwingine. Mvulana wa Ijumaa ni Juma, wa Alhamisi ni Hamisi, wa sikukuu ni Idi. Msichana huwa Mwajuma, Mwanahamisi au Mwanaidi: jina la kiume limesimama lenyewe, la kike limejengwa juu yake. Nyongeza hiyo si dharau, kwani “Mwana” ilikuwa heshima ya wanawake waungwana wa mwambao, akiwamo mshairi Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858. Hata hivyo inaonyesha ni jinsia ipi iliyochukuliwa kuwa ya kawaida, isiyohitaji alama.

Majina ya hali, kama Zawadi, Tumaini, Shida na Tabu, hupewa watoto wa jinsia zote. Yale ya sifa hugawanyika zaidi: wasichana hupata Subira, Rehema na Latifa, yaani uvumilivu, huruma na upole, ilhali Shujaa na Haidari, lenye maana ya simba, huenda kwa wavulana.

Jina kamili nalo hufuata upande wa baba. Tanzania, mtu huandikwa jina lake, la baba na la babu. La mama halina nafasi. Nchini Kenya, mwanariadha Faith Chepngetich Kipyegon ana jina la kike katikati, lakini ulimwengu unamjua kwa lile la kiume la mwisho.

Mtoto akizaliwa, wazazi huitwa Mama Asha na Baba Asha. Nyumbani mambo ni sawa kwa sawa. Nje, mwanamume hurudia jina lake na kuwa Bwana Hamisi au Mzee Hamisi. Mkewe hubaki Mama Asha hata kwa wasiomjua Asha.

Tofauti hiyo huonekana pia katika lakabu za viongozi. Kati ya marais wa Tanzania, Julius Nyerere aliitwa Mwalimu kwa kazi yake, Ali Hassan Mwinyi Mzee Rukhsa kwa sera zake, na John Magufuli Tingatinga kwa uchapaji kazi wake. Samia Suluhu Hassan, rais tangu Machi 2021, huitwa zaidi Mama: ni heshima, lakini inayotaja uzazi kuliko utendaji. Mwanamke akisifiwa kwa uimara, jinsia yake hutajwa papo hapo. Martha Karua wa Kenya amepewa lakabu ya Mwanamke wa Chuma, kama Margaret Thatcher wa Uingereza kabla yake; Tingatinga halikuhitaji kuongezewa “mwanamume”.

Mpaka wenyewe wa jinsia huvukwa kwa upande mmoja. Mwanamke akiitwa jikedume, ndani ya kejeli mna sifa kidogo ya ushupavu. Mwanamume akiambiwa ana mambo ya kike, ametukanwa. Ndiyo maana mzazi humpa binti jina kama Baraka au Amani, lililozoeleka kwa wavulana, bila kuulizwa na mtu, lakini ni vigumu kumpata aliyemwita mwanawe wa kiume Rehema.