Rangi Yenye Jina la Rebecca

Paukwa? Pakawa! Sogeeni karibu, wanangu, leo nawasimulia habari ya rangi. Haimo kwenye ndoo wala haipakwi kwa brashi. Imo ndani ya simu na kompyuta, na jina lake ni la mtoto.

Huko Ohio, Marekani, aliishi msichana aitwaye Rebecca Meyer. Nyumbani walimwita Becca. Katika rangi zote, aliipenda zaidi zambarau. Baba yake, Eric Meyer, ni bingwa wa CSS, lugha inayoziambia kurasa za wavuti zivae rangi gani. Wengi wamejifunza lugha hiyo kwa vitabu vyake.

Becca akaugua saratani ya ubongo. Hata hivyo aliwatangazia watu wake: Becca ni jina la kitoto, nikitimiza miaka sita nitakuwa msichana mkubwa, mniite Rebecca. Tarehe 7 Juni 2014 akatimiza miaka sita. Siku hiyohiyo akafariki.

Mafundi wa wavuti wa nchi nyingi walihuzunika pamoja na baba yake. Wakapendekeza zambarau moja, yenye msimbo #663399, ipewe jina la mtoto huyo.

Msimbo huo unasomwaje? Kioo cha simu kimejaa nukta ndogo mno, na kila nukta ina taa tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kila taa huwashwa kwa kiwango, kuanzia 0, yaani imezimwa, hadi 255, yaani inawaka kwa nguvu zake zote. Baada ya alama ya reli, tarakimu mbili za kwanza ni za nyekundu, mbili za kati ni za kijani, mbili za mwisho ni za bluu.

Lakini hapa hatuhesabu kwa makumi. Tunahesabu kwa kumi na sita. Tukifika 9 tunaendelea na herufi: A ni 10, mpaka F ambayo ni 15. Kwa hiyo 66 ni 6 mara 16, jumlisha 6: tunapata 102. Kwa njia hiyohiyo 33 ni 51, na 99 ni 153. Bluu inawaka kuliko zote, nyekundu inafuata, kijani ni hafifu. Macho yetu yanaona zambarau.

Zima taa zote, 000000, upate nyeusi. Ziwashe zote kikamilifu, FFFFFF, upate nyeupe. Kati ya hizo mbili zimo rangi nyingine zaidi ya milioni 16! Ndiyo maana kampuni huandika misimbo ya rangi zake: mchoraji wa leo na wa mwakani watumie rangi ileile, bila kukisia.

Turudi kwenye pendekezo la mafundi. Eric aliliridhia, kwa sharti moja: jina liwe Rebecca, si Becca, kwa sababu binti yake aliufikia umri alioungoja. Mwezi huohuo wa Juni 2014, kundi linalotunza CSS likakubali. Sasa ukiandika rebeccapurple katika ukurasa wako, kompyuta itawasha taa zilezile za #663399.

Mafundi wale hawakuweza kumponya Rebecca. Walichokuwa nacho mikononi ni orodha ya majina ya rangi, na kwa orodha hiyo walihakikisha kwamba ombi lake linatimizwa: anaitwa Rebecca, na dunia nzima.