Kompyuta ni moja, lakini barua pepe ni ya mwenyewe

Siasa ipo na kesho itakuwapo, kwa hivyo leo tuiweke kando tuzungumze jambo la ndani ya nyumba.

Watu wetu wa Pwani walioko Mwiki, wa upande wa Kasarani na wa upande wa Ruiru, wengi wamepelekwa huko na masomo au kazi. Utakuta vyumba viwili vya kupanga vina mama, wanawe wawili wanaosoma chuo, na binamu aliyetoka Mombasa juzi kutafuta kibarua. Kompyuta ni moja, mara nyingi ya mkono wa pili, inakaa mezani na kila mtu ana zamu yake. Barua pepe za wote zimefunguliwa humo humo, na kompyuta imeyashika maneno ya siri ya kila mtu. Aliyekaa kwenye kiti ndiye mwenye barua zote.

Najua jibu litakalokuja: sisi ni ndugu, tuna nini cha kufichana? Lakini barua pepe ya leo si barua ya salamu. Ukisahau neno la siri la iTax, KRA wanakushughulikia kupitia barua pepe yako. eCitizen vivyo hivyo, na HELB vivyo hivyo. Mwenye kuifungua barua pepe yako ameshika kishada kizima cha funguo zako. Tena si lazima awe na nia mbaya. Binamu anafuta ujumbe akidhani ni tangazo la biashara, kumbe ni mwaliko wa usaili wa dada yake. Mtoto anajibu barua ya mwajiri kwa anwani ya mama. Au majibu ya hospitali yanasomwa na mtu ambaye hakutakiwa kuyajua kabla ya mwenyewe. Hata nyumba ikiwa moja, Mswahili hupiga hodi mlangoni kwa mamake.

Dawa yake haina gharama. Kosa la wengi ni kuanza na programu ya barua, ilhali pa kuanzia ni Windows yenyewe. Ingia 'Settings', kisha 'Accounts', kisha 'Other users' (kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa 'Family & other users'). Ongeza mtu mmoja mmoja. Windows itang'ang'ania kukutaka anwani ya Microsoft. Mwambie huna taarifa za mtu huyo, halafu chagua kuongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Andika jina, kisha mwite mwenyewe aje aandike neno lake la siri, nawe geuza uso. Fanya hivyo kwa kila mtu. Kuanzia hapo kompyuta ikiwashwa inauliza kwanza ni nani, na kila mtu anakuta meza yake na makabrasha yake.

Sasa ndiyo uweke programu. Mimi napendekeza Thunderbird ya Mozilla, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu 2003. Unaiweka mara moja tu kwenye mashine, na kila mtu akiingia kwa jina lake na kuifungua, ataikuta tupu kama nyumba mpya. Anaandika jina na anwani yake, na kama ni Gmail, dirisha la Google litafunguka aingie mwenyewe. Barua zake zitahifadhiwa ndani ya kabrasha lake, wala hazitaonekana kwa aliyeingia kwa jina jingine.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengi huipenda. Thunderbird inaweza kuwa na profaili kadhaa ndani ya akaunti moja ya Windows: unaifunga, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika thunderbird.exe -P, na kidirisha cha kuchagua profaili kinatokea. Ni kazi ya dakika mbili. Inafaa kwa mtu mmoja anayetaka kutenga barua za kazi na za nyumbani. Kwa watu wanne haifai, maana hicho ni kitambaa cha pazia, si mlango. Yeyote anaweza kuchagua profaili ya yeyote. Hata ukiweka neno la siri kuu la Thunderbird, linalofungwa ni yale maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Barua zilizokwishashuka ziko palepale, na anayejua kabrasha lilipo atazisoma.

Tukiwa hapo, tujue pia kwamba mwenye akaunti ya msimamizi wa kompyuta anaweza kufungua makabrasha ya wengine wote. Wengine wabaki watumiaji wa kawaida, na usimamizi apewe mtu mmoja ambaye nyumba nzima inamwamini kwa amana. Kwangu mimi angekuwa mama, hata kama hajui kompyuta.

Programu itauliza IMAP au POP. Chagua IMAP. POP huzishusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuzifuta kwenye seva, kwa hivyo mashine ikiibiwa, barua zimekwenda nayo. IMAP huziacha kwenye seva na kukuonyesha nakala, hata kwenye simu utazikuta. Kwa wanaonunua bando, ingia mipangilio ya akaunti uiambie ishushe barua za siku 30 za karibuni tu.

Kisha namba ya simu, na hapa ndipo penye vilio. Wengi walifunguliwa barua pepe na kaka mkubwa, kwa namba ya kaka. Kaka akienda zake Doha au akiipoteza laini, na Google ikataka kuhakikisha kwa ujumbe wa simu, dada amefungiwa nje ya mambo yake mwenyewe. Kila mmoja aweke namba yake leo, wakati bado mlango uko wazi.

Cyber ni jambo jingine kabisa. Huko usiweke programu yoyote ya barua. Tumia dirisha la faragha la kivinjari, utoke kwenye akaunti, ulifunge.

Na siku binamu akipata kazi akahama, msikimbilie kuifuta akaunti yake ya Windows. Ikifutwa pamoja na data, vyeti alivyoviskani na picha zake huondoka navyo. Mpeni flashi anakili kwanza vilivyo vyake, mbele ya macho yake, ndipo mfute.