Nta ya moto na ngozi nyembamba

Chai ikikumwagikia hutiririka na kuondoka. Nta iliyoyeyuka hunata palepale ilipoangukia, na huendelea kuipa ngozi joto lake mpaka igande. Kwa sababu hiyo, swali la joto la nta halitoshi. Tuulize pia imekaa muda gani, na imekaa juu ya ngozi ipi.

Nayaandika haya kwa makundi mawili: wanaonyoa kwa waksi, saluni mjini Eldoret au nyumbani Sugoi, na wapenzi wanaodondosheana nta ya mshumaa kwa raha zao. Kundi la pili halipendi kuuliza daktari. Basi lisome kimyakimya.

Mishumaa mingi ya dukani ni ya parafini, ambayo huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi kulingana na aina yake. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na 63. Karibu na utambi joto hupanda zaidi ya hapo. Mwaka 1947 watafiti Moritz na Henriques walionyesha kwamba ngozi huhitaji takriban saa 6 kuungua kwa nyuzi 44, lakini kwa nyuzi 60 ni sekunde chache tu, na kwa 70 haifiki hata sekunde moja.

Wengi hupima kwa kiganja, na hapo ndipo wanapojidanganya. Ngozi ya kiganja ni nene na imezoea kazi. Ya kope, chuchu, korodani, mashavu ya uke na mapaja kwa ndani ni nyembamba, nayo ina mikunjo inayoshika nta na nywele zinazoifunga. Ukiivuta, ngozi huja nayo. Ndani ya uke au kwenye tundu la mkojo nta haina kazi yoyote, hata ikiwa vuguvugu. Anayetumia krimu ya kujichubua yenye steroidi au dawa ya chunusi ya tretinoini amekwisha kuidhoofisha ngozi yake. Mwenye kisukari kilichoharibu neva huenda asisikie anapoungua.

Sufuria moja kwa moja juu ya jiko ndiyo inayonitisha kuliko yote, kwani nta huzidi kupata moto hata kushika moto. Kuiweka kwenye chombo ndani ya maji ni afadhali, ila usidhani umepona. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 93, na hizo bado zinababua. Nta ikiwaka, funika kwa kifuniko na uzime jiko. Ukimwaga maji, moto utaruka usoni.

Ukiungua, mwagia maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Barafu hapana, wala dawa ya meno, unga, yai au mafuta. Nta iliyong'ang'ania iache, mhudumu wa afya ataitoa. Kuungua usoni au sehemu za siri ni jambo la kituo cha afya, hata doa likiwa dogo, na kwa majeraha makubwa iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Sehemu za siri zikivimba hadi mtu ashindwe kukojoa, asingoje kupambazuke.