Gharama Isiyoandikwa katika Programu za Usafiri

Biashara ya programu za usafiri katika miji ya Afrika Mashariki, iliyoshika kasi baada ya Uber kuingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016, hujadiliwa zaidi kwa upande wa nauli, ilhali sehemu kubwa ya ushindani imo katika usanifu, yaani namna programu inavyopangwa ili itumiwe na mtu aliye njiani. Mtu huyo ana mkono mmoja tu ulio huru, husoma kioo cha simu juani, na mtandao wake hupanda na kushuka kadiri gari linavyopita kutoka eneo la mnara mmoja hadi jingine.

Kipimo kizuri cha usanifu huo, ingawa hakikubuniwa kwa ajili ya usafiri, ni M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Menyu yake iliwekwa ndani ya laini ya simu, ikafanya kazi hata katika kitochi, na kila muamala ukathibitishwa kwa ujumbe mfupi ambao mtumiaji angeweza kuurejea baadaye. Uber nayo ilipotoa mwaka 2018, kwa kuanzia India, toleo jepesi lisilofika megabaiti 5, ilikuwa inakiri kwamba bando na nafasi ndani ya simu ni fedha za mteja.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika ramani. Mradi wa Digital Matatus, uliowaunganisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia, ulitoa mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, baada ya wakusanyaji kupanda magari hayo wakiwa na simu zilizorekodi kila kituo. Data hizo zilipaswa kuingizwa katika muundo uliobuniwa kwa mabasi yenye ratiba, nao ukabidi urekebishwe, kwa kuwa matatu huondoka likijaa, na kituo huweza kuwa mwembe au kituo cha mafuta ambacho kila abiria anakijua na hakuna kibao kinachokitaja.

Anayebeba uzito wa haya yote ni dereva, na hasa wa bodaboda, ambaye simu yake huwaka kutwa nzima na ambaye hutakiwa kukubali safari katika sekunde chache akiwa barabarani, jambo ambalo wasanifu wengi hulichukulia kwa wepesi wa kushangaza. Uber ilisitisha huduma zake za kawaida Tanzania Aprili 2022, baada ya mdhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, kuweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, ikarejea mwaka 2023 ukomo huo ulipopandishwa. Lakini asilimia, iwe kubwa au ndogo, haionyeshi bando, chaji na mafuta ambayo dereva hutumia kumtafuta abiria aliyewekewa alama upande usio wake wa barabara. Ndiyo maana, pamoja na setilaiti zote zilizo angani, safari nyingi bado huanza kwa dereva kupiga simu na kuuliza abiria yuko wapi, kwa salio lake mwenyewe.