Mkaguzi Akishaondoka Bwenini

Usiku mmoja wa Agosti 2009, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, liliteketea na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilikuwa na miaka miwili tu tangu ipitishwe na Bunge la Tanzania, na ilikuwa imebeba matumaini makubwa. Vikosi vya zimamoto vilivyokuwa chini ya halmashauri vilitakiwa kuwa jeshi moja, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Na jeshi hilo halikupewa kazi ya kuzima na kuokoa pekee. Lilipewa mamlaka ya kukagua majengo kabla hayajaungua, na ya kuchunguza chanzo yakishaungua.

Kuziweka kazi hizo mbili mikononi mwa chombo kimoja ulikuwa uamuzi wa busara, na ninausifu bila kigugumizi. Askari aliyepekua majivu ya bweni anajua kitanda kipi kilikuwa mbali na mlango na watoto walikimbilia pembe ipi. Hakuna kitabu kitakachomfundisha hayo vizuri zaidi. Kesho akienda kukagua bweni jingine, anatakiwa aende na maarifa hayo kichwani. Ila ukifuatilia mambo yanavyokwenda wilayani, utaona uchunguzi una njia yake na ukaguzi una njia yake, na hazikutani.

Tuanze na uchunguzi. Moto mkubwa ukitokea, viongozi hufika, pole hutolewa, kamati huundwa na kupewa siku za kuhesabika. Linalosubiriwa na kila mtu ni jibu moja: nini kiliwasha? Hitilafu ya umeme, mshumaa, jiko, au mkono wa mtu. Likishapatikana, shauri linaonekana limekwisha. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaagiza uchunguzi. Januari 2022, umbali mfupi kutoka hapo, soko la Karume nalo likateketea usiku. Siyo kwamba moto wa kwanza ulizaa wa pili. Lakini miezi sita ni muda wa kutosha kwa fundisho la soko moja kulifikia soko jirani.

Kwenye shule gharama ya kuishia kwenye chanzo ni kubwa zaidi. Kule Kenya, Machi 2001, wavulana 67 walikufa bwenini katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos. Moto ule uliwashwa makusudi kwa petroli, na wanafunzi wawili walishtakiwa. Hasira ya nchi nzima ikawaelekea wao, na ilikuwa haki yake. Ila mlango mmoja wa bweni lile ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Petroli ndiyo iliyoleta moto. Kufuli na nondo ndivyo vilivyowazuia vijana wasitoke. Hayo ni maswali mawili, na kila moja linahitaji uchunguzi wake. La kwanza ni la polisi na mahakama. La pili ni la zimamoto, na ndilo linaloweza kumwokoa mtoto wa shule nyingine ambayo haijaungua.

Si kwamba hatujui bweni salama likoje. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unasema wazi: kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2, njia ya kupita isipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje, kuwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na nondo. Mtu mwenye futi ya kupimia anaweza kuyakagua hayo yote asubuhi moja.

Sasa ingia kwenye bweni la kawaida. Lilijengwa kuwa madarasa mawili, ukuta wa kati ukavunjwa wanafunzi walipoongezeka. Vitanda ni vya ghorofa, vimegusana, na pale palipobaki nafasi yamepangwa matranka na ndoo za maji. Mlango wa pili upo, ila umefungwa kwa kufuli kwa sababu ndiko wanafunzi wanakotorokea. Mtungi wa kuzimia moto uko ofisini kwa mkuu wa shule, maana ukiachwa bwenini wanafunzi wanauchezea. Kila kitu hapo kina sababu, na sababu zenyewe si za kipuuzi. Mkuu wa shule ya wasichana aliyeweka nondo alizuia wezi, na alizuia wanaume wanaonyemelea mabweni usiku. Mzazi mwenyewe aliziulizia nondo hizo siku ya kumleta mwanawe. Hatari inayozuiwa na nondo inabisha hodi kila wiki. Hatari inayoletwa na nondo huenda isifike miaka thelathini. Mkaguzi anayeandika “ondoa nondo” na kuondoka hajajibu swali la mkuu wa shule, na akirudi mwaka unaofuata atazikuta pale pale. Angemwonyesha nondo za fremu yenye bawaba, zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo, kazi ambayo fundi wa kuchomelea yeyote mjini anaiweza, wangeelewana.

Halafu kuna cheti. Kanuni za Tanzania zinataka jengo likaguliwe na mwenye jengo alipie ndipo apewe cheti cha usalama wa moto. Wafanyabiashara wamelalamikia tozo hizi miaka mingi, pamoja na wingi wa taasisi zinazokagua kitu kile kile. Nawaelewa. Linaloniumiza zaidi ni kwamba ukaguzi ukishafungamanishwa na malipo, mlipaji huona amemaliza wajibu wake alipopewa stakabadhi, na ofisi nayo hushawishika kujipima kwa makusanyo. Milango iliyofunguliwa haina safu yake kwenye taarifa ya mwezi.

Kenya wamechukua mkondo mwingine. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, wakati usalama wa shule umebaki kwa wizara. Mwenye gari la zimamoto na mwenye rejista ya mabweni wana mabwana tofauti. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Kabla mwaka haujaisha, wizara ilikuwa imekagua shule na kuamuru sehemu za bweni za shule 348 zifungwe kwa kutotimiza viwango. Kwa hiyo ukaguzi uliwezekana, na kwa miezi michache tu. Mwongozo ulikuwa na umri wa miaka 16.

Ningekuwa na uwezo wa kuomba jambo moja kwa Jeshi la Zimamoto, ningeomba ukaguzi wa usiku. Mchana bweni ni tupu, milango iko wazi, matroni yuko macho na funguo ziko kiunoni. Mkaguzi aende saa nane usiku, bila taarifa, na kwa mabweni ya wasichana aende askari wa kike. Apige kengele, kama ipo. Aangalie nani anafungua, funguo zinatoka wapi, na wanafunzi wa vitanda vya mwisho wanatumia muda gani kufika uwanjani. Muda huo uandikwe kwa dakika na sekunde, na taarifa isainiwe mbele ya mkuu wa shule na mwakilishi wa wazazi, ikiwa na tarehe ambayo askari huyo huyo atarudi.